Mama Barua na Karata Saba

Kwa miaka kumi na tisa alikaa chumba cha nyuma cha posta, kwenye stuli ya mbao iliyochakaa, akichambua bahasha. Mkono wa kushoto ulishika fungu, dole gumba la kulia likasukuma moja moja, na kila bahasha ikaruka kwenye kisanduku chake bila yeye kukitazama. Watu walipoacha kuandikiana, wakubwa wakampa cheti cha shukrani, kikombe chenye nembo na wiki mbili za kuaga. Kikombe kilipasuka siku ya kwanza alipokitumia. Jina la Mama Barua, alilopewa na wenzake, ndilo lililobaki.

Mtaa wa pili kutoka posta palikuwa na duka kubwa la samani lililokuwa linakufa taratibu. Mwenye duka alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyekaa na wazo moja zaidi ya siku tatu. Huyu aligundua kwamba watu waliokuja kujaribu makochi yake hawakuwa na haja ya makochi. Walikaa tu, simu mikononi, wakicheza poka. Karani, muuguzi, dereva wa lori, wote mchezo ni huo huo.

"Kama wanacheza peke yao kwenye simu," alimwambia mkewe, "nikiwapa meza, taa nzuri na kahawa, watakwenda wapi?"

Akauza makochi yote, akahangaikia leseni miezi minane, kiguu na njia, na mwishowe akafungua ukumbi wenye meza nne. Mwaka wa kwanza walikuja wanaume watupu, wengine wakiwa wamevaa miwani ya giza kama waliofiwa. Mwaka wa pili wakaja wanawake. Kisha Bosi, kama kila mtu alivyomwita, akaanzisha mafunzo ya bure kila Jumanne mchana, na hapo mambo yakapamba moto. Walimu walikuja na wanafunzi wao wa zamani. Kampuni moja ya rangi za nyumba ikajitolea kudhamini mashindano. Meza nne zikawa tisa.

Meza tisa zilihitaji wagawaji wa karata. Mama Barua alisoma tangazo lililobandikwa dirishani, akaingia na mkoba wake wa kwenda sokoni. Bosi alimpa karata hamsini na mbili na kumwambia agawe watu tisa, mbili mbili. Aliangalia mara moja tu mahali walipokaa watu, kisha hakuangalia tena. Karata kumi na nane zilitua mbele ya watu tisa, zimelala sawa kama zimepigwa pasi.

"Wewe mama umetoka wapi?" Bosi aliuliza.

"Posta."

"Basi karibu. Huku hakuna stempu, ila watu wana midomo mirefu vilevile."

Kazi ilimkaa. Aliupenda utaratibu wake. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, anazichungulia kwa kuinua kona tu, kisha zinafunuliwa tano katikati ya meza kwa ajili ya wote. Kati ya hizo saba kila mtu anatafuta mkono wake bora, na baada ya kila hatua anaweka dau la kete, vidude vya plastiki vinavyowakilisha fedha, au anazitupa karata zake. Mgawaji hachezi. Hacheki na mtu, hanuni. Anagawa, anahesabu, anatangaza mshindi. Mama Barua alisema kazi hiyo ilifanana na ya zamani kwa jambo moja: kila kilichopita mikononi mwake kilikuwa siri ya mtu mwingine.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi wa mabomba, mtu mpole wa maneno machache, na binti mmoja wa kidato cha pili. Na kulikuwa na shemeji yake, mdogo wa mwisho wa mumewe.

Huyu shemeji alikuwa kama mwanawe wa kwanza. Mama Barua alipoolewa, kijana alikuwa na miaka tisa, na kwa kuwa mama mkwe aliuguza mgonjwa muda mrefu, mtoto akaja kukaa kwa kaka yake. Mama Barua ndiye aliyemshonea vifungo vya sare na kumfuata shuleni alipofukuzwa kwa utundu. Ndiye pia aliyemtetea alipokataa chuo na kusema anataka kuwa fundi saa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na moja, na kibanda cha vioo chini ya ngazi za jengo la maduka, na kucha ndefu ya dole gumba la kulia ambayo aliitumia kufungulia migongo ya saa. Kazi aliijua, lakini saa zenyewe zilikuwa zinawatoka watu mikononi. Aliyekuja, alitaka betri tu.

Alijifunza poka kwenye meza ya kulia chakula ya Mama Barua. Wakati Mama Barua alipokuwa anafanya mazoezi ya kugawa, yeye alikaa mbele yake kama mchezaji, maharage mabichi yakiwa ndiyo kete. Alikuwa mwepesi kuona mambo. Akitazama uso wa kaka yake aliweza kusema, "Huyu ana karata mbaya, anameza mate." Walicheka hadi binti akatoka chumbani kulalamika kwamba anasoma.

Baadaye akaanza kwenda ukumbini. Kanuni ilikuwa wazi: mgawaji hamgawii ndugu yake. Mama Barua aliandika jina la shemeji yake kwenye fomu siku ile ile, na kwa mwaka mzima hawakukutana meza moja hata mara moja. Mara mbili kijana alifika karibu na fainali za mashindano, mara mbili akaanguka. Mara ya pili alirudi nyumbani, akakaa jikoni na koti lake mwilini.

"Shemeji, nilicheza vizuri," alisema. "Nilicheza vizuri kuliko wote. Karata zilinikataa."

"Ndiyo mchezo wenyewe."

"Mtu anakuwa hodari maisha yake yote, halafu kitu kisicho na akili kinamkataa. Wewe unaona ni haki hiyo?"

Mama Barua alimwekea chakula. Yeye mwenyewe alikuwa amekataliwa na bahasha.

Mashindano makubwa yalikuja mwaka uliofuata. Watu mia mbili na arobaini waliingia Ijumaa. Mshindi angepata fedha, lakini kilichowatoa watu udenda kilikuwa tiketi ya ndege na nafasi ya kucheza ng'ambo kwenye mashindano ya mataifa mengi. Hadi Jumamosi jioni walibaki sita. Mmoja wao alikuwa fundi saa.

Fainali ilipangwa Jumapili mchana. Bosi alikuwa amejenga jukwaa dogo palipokuwa na vitanda vya maonyesho, akafunga taa nne kali na kamera ndogo kwenye ukingo wa meza mbele ya kila mchezaji, ili watazamaji wa mtandaoni wazione karata za siri. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi ya mdhamini, kijani kibichi kinachoumiza macho. Viti vya watazamaji vilijaa saa sita. Mama mkwe alikuwa safu ya tatu, amevaa nguo yake ya kutokea, pembeni yake mumewe Mama Barua na binti.

Wagawaji watano walipangiwa zamu za nusu saa. Mama Barua hakuwamo. Lakini saa nane Bosi alimjia chumba cha chai, jasho likimtoka.

"Mmoja wa wagawaji ana homa, anatetemeka. Utaingia zamu ya saa tisa na dakika ishirini."

"Bosi, shemeji yangu yuko pale mezani."

"Najua."

"Kanuni umeiandika wewe mwenyewe."

"Kanuni ni ya siku za kawaida. Leo watu elfu sita wanatazama kwenye simu zao, na wale wengine hawana mikono kama yako. Nusu saa tu, Mama Barua. Mungu akupe nini?"

Alimtazama msimamizi wa mchezo, mwanamke mrefu aliyewahi kuwa refa wa mpira wa pete na ambaye bado alitembea kama mtu mwenye filimbi mfukoni. Msimamizi aliinua mabega. "Nimeshampinga," alisema. "Hasikii. Ingia, gawa, toka."

Aliingia. Alipokaa kwenye kiti cha mgawaji aliwaona wote sita kwa jicho la mara moja. Daktari wa macho alikaa kushoto kwake kabisa. Alifuatiwa na mwalimu mstaafu wa hesabu, kisha kijana wa kompyuta mwenye vipokea sauti masikioni, kisha mwanamke mwenye duka la vitambaa ambaye wote walimwita Mama Vitambaa. Aliyefuata alikuwa dereva wa lori. Mkono wake wa kulia kabisa alikaa fundi saa, kete zake zimepangwa minara mitatu mirefu. Alikuwa anaongoza.

Shemeji alimtazama na uso wake ukabadilika. Ilikuwa kidogo tu, kama mtu aliyesikia hodi asiyoitarajia.

Mama Barua alichanganya karata, akakata, akagawa. Kwenye mzunguko wa kwanza dole gumba lake liligusa kitu kwenye kona ya karata moja. Kitu kidogo, kama punje ya mchanga. Uchafu, alifikiri, na mkono ukaendelea.

Mzunguko wa pili akakigusa tena. Mara mbili. Haikuwa punje. Ilikuwa kibonyeo, kidogo kama alama ya meno ya sisimizi, karibu na ukingo, mahali pale pale kwenye karata zote mbili. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezoea kujua kwa kidole kama bahasha imefunguliwa na kugandishwa tena. Alijua tofauti ya kitu kilichochakaa na kitu kilichofanywa.

Usoni hakuonyesha hili wala lile.

Mzunguko wa tatu aligawa polepole kidogo. Karata moja yenye kibonyeo ilikwenda kwa daktari wa macho. Fundi saa alikuwa ameweka dau kubwa. Daktari alipoongeza dau, fundi saa aliitazama migongo ya karata za daktari, si uso wake, karata tu, pale taa kali zilipozipiga kwa ubavu. Kisha akatupa karata zake bila kufikiri. Watazamaji wakanong'ona, maana hadi wakati huo alikuwa hatishiki. Daktari, kwa furaha ya kunusurika, akafunua karata yake moja aione kila mtu. Ilikuwa ree, karata kubwa kuliko zote.

Mama Barua alizikusanya karata. Alijua sasa. Mtu alikuwa amezibonyeza karata kubwa kwa kucha kila zilipompitia mikononi, na mtu huyo alikuwa na macho ya kuona alama kama hiyo kutoka upande wa pili wa meza. Alijitahidi asiitazame ile kucha. Akaitazama.

Mzunguko wa nne. Aligawa. Kibonyeo kimoja, kwa fundi saa mwenyewe. Kingine, kwa fundi saa tena. Wengine wote, karata safi. Daktari akatupa, mwalimu akatupa, kijana wa kompyuta akatupa. Mama Vitambaa alichungulia karata zake, akafikiri, akaweka dau. Dereva akatupa. Fundi saa aliweka kiganja nyuma ya minara yake mitatu, akaisukuma yote katikati.

"Zote," alisema.

Ukumbi mzima ukaguna. Mama mkwe alishika mkono wa mumewe Mama Barua.

Mama Vitambaa alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, aliyejifunza mchezo kwenye yale mafunzo ya Jumanne. Mama Barua ndiye aliyemfundisha kushika karata. Sasa aliziinua kona za karata zake tena, akazirudisha, akashusha pumzi. Angeitikia dau lile, kete zake zote zingeingia.

"Nipe muda kidogo," alisema.

"Una dakika moja," Mama Barua alijibu. Sauti ilitoka sawa.

Dakika moja. Aliishika pakiti ya karata zilizobaki. Shemeji yake alikuwa anamtazama yeye sasa, si Mama Vitambaa. Alikuwa anamtazama kama alivyomtazama akiwa na miaka kumi, amevunja kioo cha jirani, anasubiri kujua kama atasemewa kwa kaka yake. Siku ile ya kioo Mama Barua alinyamaza. Alikwenda kwa jirani mwenyewe na kumaliza mambo kimyakimya.

Ndipo alipoelewa kwamba shemeji naye ameelewa. Amejua kwamba vidole vyake vimeona. Na anasubiri.

Angeweza kunyamaza. Zamu yake ilikuwa imebakiwa na dakika kumi na nne tu. Angegawa, angetoka, angekwenda kunywa chai, na mgawaji atakayefuata asingehisi kitu. Kijana angeshinda. Mama mkwe angelia kwa furaha. Mama Vitambaa angerudi dukani kwake akisema karata zimemkataa.

Mama Vitambaa alipeleka mkono kwenye kete zake.

Mama Barua aliweka kiganja juu ya pakiti. "Mchezo usimame," alisema. "Msimamizi, tafadhali."

Msimamizi alipanda jukwaani kwa hatua ndefu.

"Kuna nini?"

"Karata zina alama."

"Unasema?"

"Karata kubwa zimebonyezwa. Siwezi kuendelea kugawa."

Bosi alikuwa amefika, amejipenyeza kati ya kamera na meza. Alimnong'oneza huku akitabasamu kwa ajili ya watazamaji. "Mama Barua, usiniue. Elfu sita wanatazama. Utavunja fainali kwa sababu ya kidole?"

"Ndiyo."

Mwalimu mstaafu alivua miwani. "Naomba kuuliza swali moja," alisema kwa sauti ya darasani. "Huyu fundi saa si shemeji yako?"

"Ni shemeji yangu."

"Na wewe ndiye uliyeshika karata. Sasa sisi tutajuaje kwamba alama hizo hukuziweka wewe?"

Watu wakaanza kupiga kelele. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Wamepanga hao!" Mama Barua aliona uso wa mumewe umemshuka. Mikono ya fundi saa ilikuwa chini ya meza, na kanuni ya kwanza ya ukumbi ilikuwa mikono ikae juu.

"Nyinyi hamzioni alama," Mama Barua alimjibu mwalimu, "kwa hiyo tuanze kwa kuthibitisha kwamba zipo. Msimamizi, kusanya karata zote uzichanganye wewe. Mimi nifungeni macho."

Msimamizi alisita, kisha akafanya. Alizichanganya mara saba, akihesabu kwa sauti. Mama Vitambaa alijifungua kitambaa cha shingoni, akazunguka meza, akamfunga Mama Barua macho kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo.

Gizani, Mama Barua alisikia pumzi yake tu. Alishika pakiti kwa mkono wa kushoto, migongo juu, na dole gumba la kulia likaanza kusukuma. Moja, safi. Mbili, safi. Tatu, nne, tano. Vidole vilikuwa vimelowa jasho na kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba vitamsaliti. Alijifuta kwenye sketi. Sita, saba, nane. Kama akikosea, yeye ndiye mwongo, na kazi imekwisha, na jina limekwisha. Tisa. Hapo. Akaiweka pembeni, uso chini. Akaendelea. Mtu alikohoa, akazomewa. Ishirini na mbili, pembeni. Ishirini na tatu, pembeni. Kwenye thelathini na moja alisimama, akaipapasa mara mbili, akaiachia ipite. Alipomaliza ya hamsini na mbili, pembeni palikuwa na karata saba.

"Zifunue," alisema.

Msimamizi alifunua moja baada ya nyingine, akitaja. "Ree ya kopa. Mfalme wa uru. Ree ya pao. Ree ya shupaza. Mfalme wa kopa. Ree ya uru." Alishika ya mwisho muda kidogo kabla ya kuigeuza. "Mfalme wa pao."

Ree zote nne na wafalme watatu. Mfalme wa nne, ikaonekana baadaye, hakuwa amempitia mikononi aliyeweka alama.

Hakuna aliyepiga makofi. Daktari wa macho aliinuka, akachukua ree moja, akaielekeza kwenye taa, akaigeuza huku na huku. "Ipo," alisema taratibu. "Mungu wangu, ipo kweli."

Bosi na msimamizi waliingia chumba cha kamera. Walikaa humo dakika ishirini na tano, na dakika zote hizo Mama Barua alikaa kwenye kiti chake, kitambaa cha Mama Vitambaa mapajani, mita moja na nusu kutoka kwa kijana aliyemlea. Kila mchezaji huinua kona za karata kwa dole gumba, ndiyo maana hakuna aliyetilia shaka. Lakini picha zilipopunguzwa kasi, zilionyesha dole gumba moja linalokaa kidogo zaidi kila linapokutana na karata kubwa, na kucha inayobonyea hadi inabadilika rangi.

Kabla hawajatoka, shemeji alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "Nilijua hauko kwenye zamu."

"Sikuwa."

"Mara moja tu nilitaka zisinikatae."

Mama Barua alikikunja kitambaa mara mbili, kisha mara nne.

Msimamizi alisoma uamuzi, watu wote wamesimama: fundi saa anatolewa, kete zake zinaondolewa, amefungiwa ukumbi huo maisha. Mzunguko ule unafutwa, karata mpya zinafunguliwa. Kijana alishuka jukwaani akiwa anaangalia viatu vyake. Alipita safu ya tatu. Mama yake alinyoosha mkono, naye akapita.

"Nani atagawa?" mwalimu aliuliza.

Msimamizi alimtazama Mama Barua. "Zamu yake imebakiwa na dakika kumi na nne. Atazimaliza."

Alizimaliza. Aliyekuwepo atakwambia karata moja iligeuka hewani ikalazimika kugawiwa upya, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Lakini alizimaliza, akasafisha mikono mbele ya kamera kama wagawaji wanavyofanya kuonyesha hawana kitu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Mashindano alishinda dereva wa lori. Mama Vitambaa alitoka wa tatu.

Mama mkwe alipiga simu Jumatatu asubuhi. "Umemvua nguo mwanangu mbele ya dunia," alisema. "Ungemwita pembeni. Ungemfinya sikio. Wewe ni mama yake wa pili, wewe!" Mama Barua alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Nimesikia, mama," simu ikakatwa upande wa pili.

Mumewe hakumgombeza. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Alikwenda kwenye mabomba yake, akarudi, akala, akalala akitazama ukuta. Siku ya nne aliuliza gizani, "Ulikuwa na uhakika kabla ya kusema?"

"Kabisa."

"Na ulijua ni yeye?"

"Nilijua."

Mume akavuta shuka hadi kifuani. "Mimi nisingeweza," alisema hatimaye, na hakufafanua kama hilo lilikuwa sifa au lawama. Lakini aligeuka, akamwelekea.

Ile picha ya mwanamke aliyefungwa macho ilisambaa kama moto wa nyikani. Watu walioona poka kuwa mchezo wa wahuni waliandika kwamba kumbe kuna ukumbi ambao hata mgawaji anaweza kumtoa ndugu yake. Wanafunzi wa Jumanne wakafurika hadi wengine wakasimama. Bosi akaongeza meza tano na kutengeneza bango kubwa: upande mmoja Mama Barua na kitambaa chake, upande wa pili fundi saa akishuka jukwaani, kichwa chini.

Mama Barua aliliona bango hilo asubuhi likiwa bado linanuka wino. Aliingia ofisini bila kubisha.

"Litoe."

"Mama yangu, hilo bango ni wateja mia mbili!"

"Umemfungia maisha, sikukataa. Alistahili. Lakini hutamuuza. Mtoe yeye humo, na kwenye video umfiche uso, au leo hii napanga karata zangu nakwenda."

"Kwenda wapi?"

"Kuna kumbi mbili mpya zimefunguliwa mwaka huu. Zote zimenipigia simu."

Ulikuwa ukumbi mmoja tu, na ulipiga mara moja. Bosi alimtazama usoni kutafuta uongo, lakini huyo alikuwa mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa kukaa kati ya watu wanaotafutana uongo usoni. Bango likashushwa kabla ya saa sita.

Siku hizi Mama Barua ndiye msimamizi, maana yule refa wa zamani alipata kazi ng'ambo. Anafundisha wagawaji wapya kumi na wawili, na kanuni ya ndugu haivunjwi hata kukiwa na homa.

Fundi saa alifunga kibanda chake miezi miwili, kisha akakifungua tena. Mwaka mzima hakukanyaga nyumbani kwa kaka yake. Alipoanza kuja tena, alikuja siku za mapumziko pamoja na mama yake, akaongea na kaka, akamsaidia binti hesabu, na kwa Mama Barua akapita kama mtu anayepita kabati. Mama mkwe alimsalimia kwa heshima yote, ile heshima ya wageni. Mama Barua aliwapikia, akawapakulia, akakaa nao.

Hivyo hivyo, mara ya tano au ya sita, wakiwa wanakula, kijana alionja chakula chake, akanyoosha mkono bila kuinua macho.

"Shemeji, nipe chumvi."

Vijiko vilisimama. Mumewe aliangalia sahani yake kwa bidii sana. Mama Barua alichukua kikopo cha chumvi kilichokuwa mbele yake, akampitishia, na kijana akakipokea kwa mikono miwili.